Chama cha Wafamasia na Sisi Watu wa Rungwe: Nasaha kwa Wanaouliza

Yako maswali ambayo, kila tunapodhani yamekwisha kujibiwa, huzuka tena upya kwa wasomaji wetu wa Tukuyu, Kiwira, Ushirika na Mwakaleli, nayo yote hukizunguka Chama cha Wafamasia Tanzania. Mama aliyeuziwa dawa iliyopitwa na muda wake huuliza kama akakishitakie Chama hicho. Mzee anayetaka kufungua duka la dawa Katumba, ambako wachuma chai hupita asubuhi na jioni, huuliza kama leseni aiombe huko. Na kijana aliyerejea nyumbani na shahada yake ya famasi huuliza, kwa shaka iliyo kubwa kuliko ya wote, kama ada atakayoilipa kila mwaka kwa chama chenye makao Dar es Salaam, mbali na migomba ya kwao, itamrudishia faida yoyote.

Swali la kwanza jawabu lake ni la, na la pili vilevile. La tatu jawabu lake ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti. Mwenye kukiendea Chama kwa jambo lisilo lake hurudi mikono mitupu na kulaumu bila ya insafu, na mwenye kukikimbia kwa jambo lililo lake hujinyima msaada ambao hataupata pengine.

## Nani ana kazi gani

Kabla hujafunga safari wala hujaandika barua, jua kwanza nani ana mamlaka juu ya nini, maana aghalabu watu hutaja Chama ilhali wanakusudia Baraza, na hutaja Baraza ilhali wanakusudia Mamlaka.

- Baraza la Famasi ni chombo cha sheria, na sheria inayoliongoza sasa ni ile ya mwaka 2011. Hilo ndilo linalosajili wafamasia, kuwaandikisha mafundi dawa sanifu, kutoa vibali vya famasi na vya maduka ya dawa muhimu, na kumwita mwanataaluma ajibu pale anapokwenda kinyume cha maadili.
- Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo watu wengi wangali wakiiita TFDA kwa jina lake la kabla ya mwaka 2019, huiangalia dawa yenyewe: imesajiliwa au haikusajiliwa, ni halisi au ni ya bandia, ina madhara gani. Ofisi yake ya kanda yetu iko Mbeya.
- Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, hununua, hutunza na husambaza dawa za vituo vya umma. Zahanati ya kijiji ikikosa dawa ya mseto, hiyo si hatia ya Chama cha Wafamasia hata chembe.
- Mfamasia wa Wilaya ndiye aliye karibu nawe kuliko wote, naye hupatikana katika idara ya afya ya Halmashauri. Kumbuka kwamba wilaya yetu ina Halmashauri mbili, ya Rungwe na ya Busokelo, basi nenda kwenye ile inayolitawala eneo lako, usije ukazungushwa.
- Chama cha Wafamasia ni umoja wa wanataaluma wenyewe. Huwaelimisha wanachama wake, husema kwa niaba yao mbele ya serikali na waajiri, hulinda heshima ya kazi yao, na huwakutanisha katika mkutano wa mwaka ambapo mambo ya elimu na ya maslahi hujadiliwa.

## "Kwa nini basi Chama kisipewe rungu?"

Msomaji mmoja aliuliza hivyo, na swali lake lina haki. Waingereza waliunda chama chao cha wafamasia mjini London mwaka 1841, na kwa muda mrefu chombo hicho kilibeba mizigo yote miwili kwa pamoja, kikiwatetea wafamasia kwa mkono mmoja na kuwasajili na kuwaadhibu kwa mkono wa pili, mpaka ilipofika mwaka 2010 kazi hizo zikatenganishwa, usajili na nidhamu vikapewa baraza jipya, na chama kikabakiwa na elimu na utetezi. Kenya wana chama chao cha tangu 1964 na bodi yao ya tangu 1957, kila kimoja na kazi yake. Uganda sheria ya mwaka 1970 yenyewe ndiyo iliyokitia chama chao nguvu, nao wana sababu zao.

Kwa maoni yangu mpango wetu ndio ulio bora, kwa kuwa wakili na kadhi hawafai kuwa mtu mmoja. Maadamu Chama hakiwezi kumfungia mtu duka, mfamasia aliyetatizika anaweza kukiendea na kusema kweli yote bila ya hofu, jambo ambalo mbele ya Baraza angelifikiria mara mbili.

## Ukiwa na lalamiko la dawa au la muuzaji

Fuata utaratibu huu, wala usiruke hatua:

1. Mgonjwa kwanza. Aliyevimba uso, aliyetoka malengelenge au anayepumua kwa shida baada ya kunywa dawa apelekwe hospitali palepale, iwe Makandana, Igogwe au kituo kilicho karibu, na dawa ichukuliwe pamoja naye. Mweleze mhudumu kwamba unataka madhara hayo yaripotiwe. Iko fomu ya njano iliyowekwa kwa kazi hiyo, nayo hufika kwa Mamlaka.
2. Usiitupe dawa iliyobaki, wala boksi, wala karatasi ya ndani. Namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda ndizo zitakazosema zaidi kuliko maneno yako.
3. Tafuta stakabadhi. Kama hukupewa, andika jina la duka, siku na saa, na uliyemkuta akiuza. (Na tangu leo uzoee kudai stakabadhi, hata kwa vidonge vya shilingi mia tano.)
4. Nenda kwa Mfamasia wa Wilaya. Mashauri mengi huishia hapo, na yale yasiyoishia hapo huondoka na maandishi mazuri.
5. Lalamiko likiwa la mtu, yaani uzembe, ujeuri, au kutoa dawa bila ya kusomea, hupelekwa kwa Baraza. Likiwa la dawa yenyewe, kwa Mamlaka.

Hadhari moja: usianze kwa kusambaza picha ya duka la mtu katika makundi ya simu. Dawa yaweza kuwa haina kasoro na ugonjwa ukawa na sababu nyingine, nawe ukawa umemvunjia mwenzako jina na riziki kwa dhana tu.

## Kwa kijana aliyerudi na shahada

Umesoma miaka minne, ukafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, ukapangiwa au ukaajiriwa huku kwetu ambako mfamasia mwenzako wa karibu huenda yuko umbali wa nauli mbili za Hiace. Ndipo linapokuja suala la kujiunga na Chama, nalo huliahirisha mwaka hata mwaka.

Najua hoja zako, nami nitazijibu moja moja.

*"Leseni ninayo, Chama cha nini?"* Leseni inakuruhusu kutenda kazi, haikufundishi lolote jipya. Miongozo ya tiba hubadilika: klorokwini tuliyokulia iliondolewa katika tiba ya malaria mwaka 2001, dawa iliyoshika nafasi yake nayo ikapisha dawa ya mseto mwaka 2006, na aliyekaa peke yake bila ya kukutana na wenziwe huja kugundua mabadiliko kama hayo kwa kuchelewa, wagonjwa wakilipa gharama ya ujinga wake.

*"Mikutano yote ni mbali."* Ni kweli, na hapa siwatetei viongozi wa Chama, maana chama cha taifa kinachoishia Chalinze hakistahili jina hilo. Lakini dawa ya umbali ni kujiunga na kudai, kwa sababu barua ya mwanachama aliyelipa ada husomwa kwa jicho tofauti na manung'uniko ya mtu wa nje.

*"Hawanitetei mshahara."* Chama hiki si chama cha wafanyakazi, na atakayejiunga akitaraji kigomee mwajiri wake atavunjika moyo. Kinachoweza kufanya ni kusimama mbele ya wizara na kueleza kwa nini hospitali ya wilaya haifai kubaki na mfamasia mmoja, na kwa nini nafasi fulani isijazwe na asiyesomea.

Ukikubali, fanya hivi:

1. Kamilisha kwanza usajili wako kwa Baraza.
2. Omba katiba ya Chama, uisome. Angalia aina za uanachama, haki ya kupiga kura, na namna viongozi wanavyochaguliwa na kuondolewa.
3. Lipa ada katika akaunti ya Chama chenyewe, si kwenye simu ya mtu anayedai kuwa anakusanya kwa niaba ya kanda, na uhifadhi stakabadhi.
4. Jitambulishe kwa maandishi mahali ulipo. Asiyejulikana kuwa yuko Rungwe hakumbukwi yanapopangwa mafunzo ya Nyanda za Juu Kusini.
5. Uliza swali la kitaaluma ndani ya miezi ya mwanzo. Ukijibiwa, umepata faida ya ada yako. Usipojibiwa, umepata hoja ya kwanza ya kupeleka kwenye mkutano mkuu.

Fauka ya hayo, kwa njia ya Chama unaungana na wafamasia wa nchi nyingine, ambao shirikisho lao la kimataifa liliasisiwa The Hague tarehe 25 Septemba 1912. Ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya wafamasia duniani.

## Kukodisha cheti

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo jambo linaloulizwa kwa kunong'ona.

Desturi yenyewe mnaijua. Tajiri hufungua famasi mjini. Sheria humtaka awe na mfamasia msimamizi. Yeye humtafuta kijana mwenye cheti, wakaafikiana, cheti kikatundikwa ukutani ndani ya fremu nzuri, na mwenye cheti akabaki Mbeya au Dar es Salaam, asionekane dukani ila mwisho wa mwezi anapofuata ujira wake, na hata huo siku hizi hutumwa kwa simu. Anayetoa dawa ni binti wa shemeji, aliyejifunza kwa kutazama rangi za maboksi.

Kijana hujiona amepata riziki bila ya jasho, kumbe amejifunga dhamana ya kila kidonge kinachotoka katika duka lile. Mjamzito akipewa dawa isiyomfaa, au mtoto akazidishiwa kipimo, au wakaguzi wakakuta dawa za kulevya zisizo na daftari, jina litakalosomwa ni lile lililo ukutani. Nalo Baraza halitasikiliza udhuru wa kwamba hukuwapo, kwa kuwa kutokuwapo ndiko kosa lenyewe.

Basi zingatia haya:

- Usikubali usimamizi wa duka usiloweza kulifikia kwa miguu yako mara kwa mara.
- Mkataba uwe wa maandishi, nao utaje saa zako za kuwapo, haki yako ya kukataa dawa isiingie dukani, na atakayeshika zamu usipokuwapo.
- Ukiacha kazi, liandikie Baraza siku hiyohiyo na uchukue cheti chako ukutani. Wako waliokwisha kuhamia mikoa mingine ilhali vyeti vyao vikiendelea kuuza dawa.
- Ukishinikizwa na mwenye duka, wasiliana na Chama kabla ya kutia saini, si baada ya wakaguzi kufika. Mkongwe wa kazi hiyo atakuonyesha katika nusu saa mtego ambao peke yako ungeuona baada ya miaka.

Na wewe mwenye mtaji, utaniambia kwamba wafamasia ni haba na ujira wao ni mzito kwa biashara ya Masukulu au Ikuti. Sikatai. Lakini hukulazimishwa kufungua famasi. Duka la dawa muhimu, ambalo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuyapandisha daraja yale maduka ya dawa baridi ya zamani, liliwekwa makusudi kwa ajili ya mahali ambapo mfamasia hapatikani: anayetoa dawa ni mtu aliyefunzwa na kutambuliwa, na iko orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza, zikiwamo antibaiotiki chache. Kibali chake kinaombwa kwa Baraza kupitia ofisi ya Halmashauri, na Mfamasia wa Wilaya atakwambia vipimo vya chumba kabla hujaanza kujenga. Wengi hujenga kwanza kisha wakauliza, wakabomoa ukuta.

Wanaotoa dawa katika maduka hayo, pamoja na mafundi dawa sanifu, huuliza kama wanaweza kuwa wanachama. Mlango wa Chama ni wa wafamasia kwanza. Ninyi waandikieni mwulize mnashirikishwaje, na jambo muhimu zaidi ni kwamba msikubali kuachwa nje ya mafunzo yanayofanyika wilayani.

## Mkutane hapahapa

Nasaha niipendayo kuliko zote ni hii: wafamasia na mafundi dawa wa wilaya wasingoje kualikwa Dar es Salaam, bali wakutane Tukuyu, kwa ratiba inayojulikana, katika ukumbi wowote wa kituo cha afya au hospitali utakaotolewa bure. Wakiwa watano wanatosha. Waiarifu ofisi ya Chama, wamwalike Mfamasia wa Wilaya na mtu wa Mamlaka kutoka Mbeya kila inapowezekana, waandike muhtasari wa kila kikao, kisha mmoja wao aende na muhtasari huo kwenye mkutano mkuu wa mwaka.

Watazungumza nini? Sisi tuna mas'ala ambayo mwenzetu wa Dodoma hayajui. Vitabu vingi vya kutunza dawa vimeandikwa kwa hofu ya joto, lakini Tukuyu, ambapo mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 na ukungu huingia hadi ndani ya makabati, adui mkubwa ni unyevu. Aspirini iliyoingiwa na unyevu huvunjika taratibu na kutoa harufu ya siki; pakiti za chumvichumvi za kuharishia hushika mabonge; vidonge vilivyotolewa katika kopo na kufungwa katika kipande cha karatasi hulainika kabla mgonjwa hajamaliza dozi. Kikao kimoja cha wilaya kinaweza kukubaliana mambo mepesi yasiyohitaji fedha nyingi:

- maboksi yasikae sakafuni wala yasiegemezwe ukutani, bali yawekwe juu ya chaga za mbao;
- kipakiti cha kunyonya unyevu kisitolewe katika kopo mpaka kidonge cha mwisho;
- makopo makubwa yasifunguliwe mawili kwa wakati mmoja;
- vidonge vitolewe katika bahasha za dawa zilizoandikwa jina na kipimo, si katika kurasa za daftari la mtoto.

Jambo la pili la kikao ni antibaiotiki, zinazoombwa dukani kwa kila kikohozi cha msimu wa baridi. Muuzaji mmoja akikataa peke yake, mteja huvuka barabara akaenda kwa jirani. Wakikataa wote kwa kauli moja, mteja huenda kupimwa. Hapo ndipo umoja unapofaa, na hakuna sheria inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba yao.

La tatu ni mpaka wa Malawi. Kasumulu haiko mbali, na dawa zinazovuka Mto Songwe mifukoni mwa wasafiri hufika mpaka minadani kwetu. Wanataaluma wakipeana habari mapema za dawa ngeni waliyoiona, Mamlaka itapata taarifa kabla dawa hiyo haijaenea vijijini.

## Makosa yanayorudiwa

- Kumlipa mtu "wa Chama" ili akupatie leseni. Chama hakina leseni ya kukupa, na anayekuambia hivyo ni tapeli.
- Kudhani kwamba mwanachama wa Chama amesajiliwa. Uhakiki wa mfamasia hufanywa kwa Baraza tu.
- Kukiachia Chama kesi ya jinai. Dawa za serikali zikiibwa, pakwenda ni polisi na kwa mwajiri.
- Kulipa ada mwaka mmoja, kunyamaza miaka mitano, kisha kusema Chama hakina faida.
- Kwa viongozi nao: kukumbuka wilaya za pembeni mwaka wa uchaguzi peke yake.

Ikiwa hata baada ya haya yote hujui jambo lako ni la nani, usiandike Dar es Salaam wala Dodoma. Nenda kwa Mfamasia wa Wilaya na maelezo yako katika karatasi moja, yenye tarehe, majina na namba ya toleo la dawa, naye ataipeleka panapostahili. Na wewe kijana mwenye shahada, mwulize siku hiyohiyo wenzako wa wilaya watakutana lini, na kama hawajawahi kukutana, itisha wewe kikao cha kwanza.